Pale Mto Pangani Unapokutana na Chumvi

Mama msomaji, je, umewahi kunywa chai iliyotiwa sukari ya kutosha na bado ukasikia chumvi ulimini? Sisi tuliinywa mwezi wa Februari, katika kijiji kimoja kilicho juu kidogo ya mdomo wa Mto Pangani, mkoani Tanga. Tulikuwa akina mama saba kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Mwenyeji wetu alitukaribisha kwa chai ya maziwa na mihogo ya nazi. Mmoja wetu alipopiga funda la kwanza alinyanyua macho akatutazama, naye mwenyeji akaliona jambo hilo upesi kuliko tulivyotaka. "Msiwe na wasiwasi, wakwe zetu," akasema. "Si kwamba nimekosea kopo. Ndiyo maji yetu haya."

Tulikwenda kumwona binti wa mwenzetu. Aliolewa huko miaka mitatu iliyopita, na sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mama yake alipata habari kwa simu kwamba kliniki wameona presha yake inapanda na miguu inavimba. Basi mama hakulala. Kwa desturi zetu mama hawezi kwenda ukweni kwa mwanawe peke yake kama mwizi, kwa hiyo tukachangishana nauli, tukafungasha ndizi mshare, unga wa mbege kidogo kwa wazee wanaoujua utamu wake, na mafuta ya kukanda, tukapanda basi alfajiri.

Barabara ifuatayo mto

Kitu ambacho hatukukitambua mpaka tulipokuwa njiani ni kwamba tulikuwa tunasafiri pamoja na maji yetu wenyewe. Mto Pangani huanzia kwetu. Vijito vya Meru na vya upande wa magharibi na kusini wa Kilimanjaro huungana kuwa Kikuletwa. Vya upande wa mashariki, pamoja na maji ya Ziwa Jipe, huwa Ruvu. Yote hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo mto mmoja huteremka kama kilometa 400 na zaidi mpaka Bahari ya Hindi.

Toka Mwanga mpaka Mombo mtu akitazama kulia haoni ila nyika, mikonge na vumbi, wala hafikiri kwamba huko mbali kuna mto unaopita. Same kulikuwa na jua kali ajabu. Mwenzetu aliyekuwa dirishani alisema milima ya Upare inaonekana kama imeazimwa kijani kwa siku moja tu. Korogwe tukauona mto wenyewe, wa rangi ya chai ya rangi. Hale tukauona tena. Hapo ndipo maji hufanyishwa kazi ya umeme, katika kituo cha Hale cha mwaka 1964 na kile cha Maporomoko ya Pangani kilichoanza mwaka 1995. Muheza tukaacha lami, na kutoka hapo hadi Pangani mjini hatukuongea sana kwa sababu ya mashimo.

Watu wengi, na sisi tukiwamo, tumezoea kusema kwamba maji ya Kilimanjaro ni barafu inayoyeyuka. Ni kweli kwamba barafu inakwisha. Watafiti waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na hali ya mwaka 2007 waliona kwamba asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu lilikuwa limekwisha kupotea. Lakini mto wetu hautegemei hiyo barafu hata kidogo kama tunavyodhani. Unategemea msitu. Mvua na ukungu unaonaswa na miti ya mlimani ndio unaojaza chemchemi. Tukiuotea moto msitu tukaanza kuililia theluji, tunalilia kaburi lisilo letu.

Pangani mjini ni mji wa zamani, wenye nyumba za kuta nene na milango ya nakshi, nyingi zimechakaa. Hapa ndipo Bushiri bin Salim, aliyeongoza wenyeji kupigana na Wajerumani, alinyongwa mwezi wa Desemba 1889. Tungependa kutembea zaidi lakini mwenzetu alikuwa na haraka ya mwanawe, na haki yake. Tuliona tu ukuta uliojengwa kuzuia maji yasiule mji, kisha tukaenda kusimama kwenye kivuko kuvuka kwenda Bweni. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja pamoja nasi alituonyesha baharini, mahali palipo kisiwa cha Maziwe. Hatukuona kisiwa. Akacheka. Alisema alipokuwa kijana kilikuwa na mivinje mirefu na kasa wakija kutaga mayai. Sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na miaka michache tu baadaye miti ya mwisho ikaanguka. Kuna wanaosema ni ukataji wa miti, kuna wanaosema ni bahari yenyewe. Mzee yule alisema: "Labda walisaidiana."

Kisima cha bibi

Binti tulimkuta amekaa barazani, miguu juu ya kigoda. Alifurahi mpaka akalia. Tuliamkia wazee, tukapewa maji ya kunawa, na hapo tukaona jambo la kwanza: sabuni ilikataa kutoa povu. Tulisugua na kusugua, ikawa inaganda mikononi kama uji ulioshikana.

Mama mkwe wake, mwanamke mpole wa kauli za pwani, alitupeleka kisimani jioni jua lilipopoa. Pamoja nasi alikuja mama yake mzazi, bibi mzee sana ambaye tulimwamkia "shikamoo" naye akaitikia "marahaba wanangu" huku akitushika mikono mmoja mmoja. Kisima kile kilichimbwa na marehemu mumewe. Alisema wakati huo maji yake yalikuwa matamu, na watu wa ng'ambo walivuka kwa mtumbwi kuja kuyateka kwa ajili ya harusi. Mpunga ulilimwa pale palipo na mikoko sasa. Minazi iliyo kando ya mto ilikuwa ikizaa. Siku hizi mingine imebaki vigogo vitupu, imesimama bila kilemba.

Tulimwuliza ilianza lini. Bibi hakutaja mwaka. Alisema: "Kwanza tulionja wakati wa bamvua tu, maji makuu yakipanda. Tukangoja maji mafu, tukateka. Halafu ikawa kiangazi chote. Sasa tunangoja mvua."

Maneno ya bibi yanaeleza jambo hili vizuri. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu kwa sababu ya chumvi iliyomo. Kwa hiyo mahali mto unapoingia baharini, maji matamu hupita juu na maji ya chumvi hujipenyeza chini, yakipanda mtoni kila bahari inapojaa. Kinachoyarudisha nyuma ni nguvu ya mto. Mto ukija kwa wingi, chumvi hukaa mbali. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda kilometa baada ya kilometa, nayo husogea vilevile ndani ya mchanga mpaka kwenye visima. Huko ardhini maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Wataalamu wana hesabu yao kwamba, kwenye mchanga wa pwani, kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake kama meta 40 za maji matamu. Ni ukarimu mkubwa, lakini hesabu hiyo huenda pande zote mbili. Ukiishusha ile meta moja ya juu kwa kuteka kupita kiasi, au kwa mto kuacha kuijaza, chumvi hupanda kutoka chini kwa kipimo kilekile.

Na bahari nayo inapanda. Hivyo kisima cha bibi kinasukumwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili.

Tuliporudi nyumbani tulisoma zaidi, tukaona kwamba Pangani si peke yake. Tangu mwaka 2002, Wamarekani na Wajerumani walirusha angani vyombo viwili vinavyofuatana vikizunguka dunia, na mwaka 2018 vikafuata vingine viwili. Vyombo hivyo huhisi mvutano wa dunia unavyobadilika, na hivyo huweza kujua kama nchi fulani imekuwa nzito zaidi au nyepesi zaidi kwa sababu ya maji yaliyomo: mitoni, maziwani, katika udongo na chini kabisa ya ardhi. Mwaka 2025 watafiti waliokusanya vipimo vya zaidi ya miaka 20 walitangaza kwamba watu watatu kati ya kila wanne duniani wanaishi katika nchi 101 ambazo zimekuwa zikipoteza maji matamu. Mbali na barafu za Greenland na ncha ya kusini, sehemu kubwa ya hasara hiyo ni maji ya ardhini yanayovutwa kwa pampu kumwagilia mashamba na kunyweshea miji, haraka kuliko mvua inavyoweza kuyarudisha.

Maji hayo hayapotei yakawa si kitu. Mwisho wake huingia baharini, na kuongeza kina chake. Bahari yenyewe chumvi yake haiongezeki kwa jumla kiasi cha kuonekana, ila inagawanyika vibaya zaidi. Mama yeyote aliyewahi kusahau sufuria ya mchuzi jikoni anajua: maji yakipanda kwa mvuke chumvi hubaki. Vipimo vya tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba sehemu za bahari zilizokuwa na chumvi nyingi, pale jua linapokausha, zimezidi kuwa na chumvi. Na zile zenye mvua nyingi zimezidi kupungukiwa chumvi. Yaani mwenye mvua anaongezewa, na mwenye ukame ananyang'anywa hata alicho nacho. Huko kaskazini ya Bahari ya Atlantiki barafu ya Greenland inamwaga maji matamu baharini, na wanasayansi wanaogopa yasije yakavuruga mikondo mikubwa inayosambaza joto duniani. Hayo ni mambo makubwa. Sisi tulikuwa na ndoo moja mbele yetu.

Gramu za chumvi katika kikombe

Binti alitueleza habari za kliniki. Muuguzi alimwambia apunguze chumvi. Naye kwa utii akaacha kabisa kutia chumvi katika chakula chake, akawa anakula mboga isiyo na ladha huku wengine wakimcheka. Presha haikushuka. Hakuna aliyemwuliza juu ya maji, naye hakufikiri kuyataja, maana nani huhesabu maji kuwa chakula?

Tukakaa tukafanya hesabu, kama akina mama wafanyavyo hesabu za sokoni. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Basi chukua kikombe kimoja cha maji ya bahari, changanya na vikombe 19 vya maji matamu. Mchanganyiko huo una gramu moja na robo tatu ya chumvi kwa kila lita. Mjamzito akinywa lita tatu za maji hayo kwa siku, kama anavyoshauriwa katika joto la pwani, amekwisha kupita gramu tano kabla hajaonja mboga.

Hatusemi kwamba maji ndiyo yaliyompandisha presha binti yetu. Presha ya mimba ina sababu nyingi, na wapo wanaoipata hali wanakunywa maji ya chemchemi. Lakini jambo hili limechunguzwa. Nchini Bangladesh, katika wilaya ya Dacope iliyo karibu na bahari, maji ya mito na visima yameingiwa na chumvi kama ya Pangani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 na mwaka 2014 ulionyesha kwamba akina mama wajawazito waliokunywa maji yenye chumvi zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya presha ya mimba na kifafa cha mimba, na kwamba presha ilionekana zaidi wakati wa kiangazi, mito inapopungua. Mama aliyewahi kumwona ndugu yake akipatwa na kifafa cha mimba hahitaji kuelezwa hatari hiyo. Mmoja wetu saba alimzika dada yake hivyo. Alitoka nje tulipokuwa tukiongea, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Neno moja kwa msomaji anayeishi pwani: kuchemsha hakuondoi chumvi. Kunaua vijidudu, na ni vyema kuendelea kuchemsha, lakini maji yakipungua sufuriani chumvi iliyobaki huwa kali zaidi. Mtungi wa udongo huyapoza tu, na kitambaa cha kuchujia hakizuii chumvi. Ukisikia ladha ya chumvi kisimani mwako na una mimba au una presha, mwambie muuguzi hivyo hata kama hakukuuliza.

Usiku ule kulikuwa na mashauri. Mwenzetu alitaka kuondoka na mwanawe asubuhi, akajifungulie nyumbani. Mume, kijana fundi wa majahazi, hakupinga ila alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito. Mama mkwe ndiye aliyesema: "Mkwe wangu, mchukue mwanao. Lakini nisikilize. Akirudi na mtoto mgongoni atakunywa nini? Na huyu binti yangu mwingine aliye chumba cha pili, yeye nimpeleke mlima gani?"

Hatukuwa na jibu. Kisha bibi mzee, ambaye tulidhani amelala, akauliza kwa sauti ya upole: "Kwani ninyi huko mtokako maji mnayafanyia nini?"

Hatukuambiwa kwa ubaya. Lakini tuliona aibu. Kwetu kuna mifereji ya asili iliyochimbwa na babu zetu, tunayoiita mifongo, na ni fahari yetu. Maji huja mpaka migombani bila pampu wala shilingi. Lakini ni mifereji ya udongo, mengi huzama njiani kabla hayajafika shambani. Na usiku, mwenye zamu akishikwa na usingizi, maji hukesha yakimwagika hovyo. Chini yetu wapo wa mpunga, mashamba makubwa ya miwa, wa mboga za kiangazi, miji inayokua, kisha mitambo ya umeme. Kila mmoja ana haja ya kweli. Wakulima wa tambarare hulaumu wa mlimani, watu wa umeme huwalaumu wakulima. Wa mwisho katika foleni ni bibi huyu na kisima chake, wala hatukuwahi kumsikia katika mkutano wowote. Hata kamba wachanga wanaokulia katika mikoko, palipochanganyika chumvi na maji matamu, nao wako katika foleni hiyo. Wavuvi wa Pangani wanajua.

Tulimjibu bibi kwa ukweli. Alisikiliza yote, akasema, "Basi mnatusalimu kwa kilichobaki," akajifunika kanga.

Asubuhi tulifanya kilichowezekana. Nyumba ile ina paa la bati lenye meta za mraba zipatazo 40. Kila milimeta moja ya mvua inayoanguka juu yake ni lita 40, na pwani ile hupata zaidi ya milimeta 1,000 kwa mwaka. Tangi la lita 2,000 hujaa kwa milimeta 50 tu, yaani siku chache za masika. Na nyumba ikitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika peke yake, tangi hilo linatosha siku 100. Kufulia na kuoshea kisima kingeendelea. Tukatoa zilizobaki za nauli, tukaahidi kuchanga tukifika, na fundi majahazi akasema mabomba ya kukingia atayatengeneza mwenyewe kwa mabati. Alikuwa amekwisha kuwaza jambo hilo zamani, akasema, lakini fedha ilikwenda kwenye dawa. Sisi tulidhani tunamfundisha.

Binti alisafiri nasi, kiti cha mbele, na tulisimamisha basi mara nyingi kuliko abiria wengine walivyopenda. Alijifungua mwishoni mwa Aprili katika hospitali, kwa upasuaji, kabla ya siku zake kutimia kwa wiki tatu. Mtoto ni wa kike, na walimlaza siku kadhaa kabla ya kuwaruhusu. Tangi liliwekwa wiki ya pili ya masika. Mama mkwe alipiga simu kutuambia limejaa, na kwamba bibi alipopewa kikombe cha kwanza alisema hakina ladha.

Kuhusu mfongo, tulipeleka neno kwenye kikao cha mfereji: usiku usipokuwa na mwenye zamu aliye macho, lango lifungwe na maji yarudi mtoni. Wanaume walitucheka kidogo. Mmoja alisema maji yakishapita daraja la barabara kuu si yetu tena, na mwingine kwamba lita tunazoziacha sisi zitanyonywa na wa tambarare kabla hazijaona bahari, na huenda kweli. Mwenyekiti wa mfereji, mzee asiyependa maneno mengi, aliuliza huyo mjukuu aliyezaliwa ana kilo ngapi sasa. Tukamwambia. Aliandika jambo fulani katika daftari lake, akasema shauri la zamu za usiku litasikilizwa tena baada ya mavuno ya maharage.